Mama Mkwe wa Kugawa Kura

Jumatatu, 3 Agosti

Nimefika ofisini kabla ya Dereva. Ushindi mdogo, lakini ushindi. Ofisi ya mbunge ni vyumba viwili juu ya duka la dawa, na anayewahi ndiye anayekalia kiti kisichoyumba. Mimi ni katibu. Yeye ni dereva. Kiti kingepaswa kujulikana ni cha nani, lakini ndiyo hivyo.

Mheshimiwa amekuja saa nne. Anataka muhula wa tatu. Amezunguka jimbo siku tatu na amerudi amenuna. Anasema watu wanamtazama kama mtu aliyekosea nyumba. Nikamwambia hiyo ni heshima. Dereva akasema ni kwa sababu hawajamwona miaka minne. Hakuna aliyemuuliza.

Tatizo letu ni Tingatinga. Mkandarasi. Jina amelipata kwa mashine zake, na kwa jinsi anavyoingia mlangoni. Picha yake iko kila ukuta. Yetu pia ipo. Maneno ya bango letu nimeyatunga mimi: BADO YUPO. Tulibandika mia mbili asubuhi. Kufikia mchana, mtu ameandika kwa makaa chini ya lile la sokoni: WAPI? Kufikia saa kumi, mengine tisa yameandikwa hivyo hivyo. Miandiko tofauti. Sielewi watu wanapata wapi muda.

Nikakaa nikafikiri. Waliomchoka Mheshimiwa ni wengi. Wote watakwenda kwa Tingatinga kwa sababu hakuna pengine pa kwenda. Je, wakipata pengine? Mgombea wa tatu. Mtu mpole, asiye na chama, asiye na tamaa. Anamega kura elfu mbili za Tingatinga, anarudi zake nyumbani. Sisi tunapita katikati.

Nikaandika ukurasa mzima, kichwa chake MPANGO WA KUGAWA KURA. Mheshimiwa ameusoma mara mbili. Akauliza mtu wa namna hiyo atatoka wapi. Nikamwambia aniachie mimi. Dereva alikuwa chini anafuta vioo vya gari. Hajui lolote. Safi.

Jumanne, 4 Agosti

Nimempata. Mama mkwe.

Nashangaa sikumfikiria jana. Ana miaka sitini na nane. Mkunga mstaafu. Goti bovu, hatembei zaidi ya nyumba tano. Hana maneno mengi. Anakaa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na siku nzima yuko barazani na redio ndogo ambayo haiwashi.

Nilikwenda na mkate na hotuba. Hotuba nilikuwa nimeiandaa ya kumbembeleza siku tatu. Nilipofika kwenye sentensi ya pili, ile ya taifa kuhitaji mama, akanikatiza. Akauliza kama mbunge anaweza kuamuru mlango.

Nikauliza mlango gani.

Akanieleza. Kile chumba cha kujifungulia pale zahanati, alipofanya kazi maisha yake yote, hakina mlango mwaka wa sita sasa. Uliokuwepo uliliwa na mchwa, ukaondolewa, likawekwa pazia. Wanawake wanajifungua huku wanaoumwa jino wakipita nje, na upepo ukivuma kila mtu anaona kila kitu. Ameiandikia ofisi yetu barua kumi na moja. Akauliza kama nimeziona.

Nikasema tunazishughulikia. Si uongo. Barua zote zinazoingia nazipanga mwenyewe kwa rangi na ukubwa wa bahasha. Za kwake ni kahawia, za wastani, droo ya tatu.

Akasema sawa, atagombea. Mazungumzo hayakufika dakika kumi. Nimerudi na hotuba yangu karibu yote.

Mke wangu alipopata habari aliacha kushona. Anashona sare za shule chumba cha mbele, na tangu tuoane sijawahi kusikia cherehani hiyo ikinyamaza kabla ya saa sita. Akaniangalia kwa namna ambayo sijaiona muda mrefu. Akasema hakujua kama namthamini mama yake kiasi hicho. Nikakohoa.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku ya kurudisha fomu. Zinatakiwa sahihi za wapiga kura ishirini na watano. Kazi hiyo nilijipa mimi, na nilikuwa nimeipangia Alhamisi, halafu Alhamisi ikapita. Nikamfuata Mama ofisini kwa msimamizi wa uchaguzi nikiwa na maelezo tayari. Nikamkuta amekwisha kuzipata. Kwenye foleni. Alikaa tu kwenye benchi, goti amelinyoosha, na watu wakawa wanakuja kumsalimia mmoja mmoja na kuomba kalamu. Zilifika hamsini na moja. Msimamizi mwenyewe alishika kalamu, akakumbuka kwamba haruhusiwi, akaiweka chini kwa masikitiko. Nasikia Mama ndiye aliyemzalisha mama yake, mara tano.

Ikaja kuchagua alama ya kuwekwa kwenye karatasi ya kura. Zilibaki tatu: ngazi, mwavuli na beseni. Ngazi inapanda, mtu anaweza kuipenda. Mwavuli ni mzuri mno. Nikamshauri Mama achukue beseni. Nani atampigia kura beseni?

Mama akaitazama ile picha akatabasamu. Akasema kila mtoto aliyempokea, maji yake ya kwanza aliyaoga ndani ya beseni. Sikuona yanahusiana vipi.

Jumatano, 12 Agosti

Kampeni zimeanza. Tingatinga ana vipaza sauti vinne kwenye lori. Mheshimiwa ana vipaza sauti viwili na viti vya kukodi. Mama ana baraza.

Nilipita saa nne kuhakikisha hafanyi kitu. Watu sita. Nikaridhika. Nikapita saa saba. Watu kama thelathini, wengine wamesimama barabarani. Nikasogea nisikie anaahidi nini. Anaahidi mlango. Basi. Mtu akamuuliza kuhusu barabara. Akasema barabara haijui, akipita atawauliza wanaoijua. Wakampigia makofi. Niko kwenye siasa mwaka wa tisa, na sijawahi kuona mtu akipigiwa makofi kwa kusema hajui.

Tena hawaji kusikia sera. Wanakuja kuambiwa walivyozaliwa. Anawakumbuka. Uzito, mvua ilikuwa inanyesha au hapana, nani alikuwa nje analia, nani alikimbia. Muuza nyama wa kona, mtu ambaye akisimama dukani kwake taa haionekani, ameambiwa alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama kiatu, na kwamba alikaa wiki mbili amefungwa kifuani kwa mama yake chini ya shuka ya Mama mkwe. Alilia mbele ya wateja wake. Kisha akarudi kukata nyama.

Nimemwandikia Mheshimiwa taarifa: kura za Tingatinga zinagawanyika vizuri.

Jumapili, 16 Agosti

Nimekwenda barazani na daftari kuhesabu watu wa Tingatinga walioanza kuhama. Nimekaa saa mbili. Sijampata hata mmoja. Waliokuja wengi walikuwa akina mama wa kwetu. Nawajua kwa fulana. Fulana za BADO YUPO tulizogawa wenyewe. Baadhi walikuwa wamezigeuza ndani nje, labda kwa ajili ya jua.

Jioni Dereva alinikuta ngazini akasema polepole, kama mtu anayenionea huruma, kwamba kura zinazogawanyika ni zetu. Watu wa Tingatinga ni vibarua wake na jamaa zao, hao hawaendi popote. Wanaohama ni wale ambao wangempigia Mheshimiwa kwa kukosa la kufanya.

Nikamwambia yeye aangalie matairi.

Halafu nikarudi kwenye daftari. Nimelisoma kutoka mwanzo na kutoka mwisho. Linatoa jibu lile lile.

Alhamisi, 20 Agosti

Mheshimiwa ameniita. Mlango amefunga mwenyewe, jambo ambalo huwa nafanya mimi. Kaweka karatasi ya mpango wangu mezani, kidole juu ya neno "elfu mbili". Akauliza nini kinaendelea. Nikasema mpango umeitikiwa kupita matarajio. Akasema huyo mama lazima ajitoe. Inawezekana, kwa barua yenye sahihi yake, mwisho Ijumaa ijayo.

Nikatoka nimechanganyikiwa. Mtu mmoja ni mgombea wangu na mwingine ni bosi wangu, na yule ambaye nataka ashindwe ni wa tatu, ambaye siku hizi hata simkumbuki.

Lakini ilipofika saa tisa nikapata. Mama ana hoja moja tu. Mlango. Mheshimiwa akiuleta mlango, Mama anabaki na nini? Anabaki na redio yake. Nikampigia Mheshimiwa simu. Amekubali. Amesema laiti angejua mapema.

Nikachukua tepu ya kupimia ya mke wangu juu ya cherehani na kwenda zahanati. Kupima si rahisi. Muuguzi alinifukuza mara mbili kwa sababu ndani palikuwa na shughuli. Nilipima kwa nje, macho nimefumba, mkono mmoja chini ya pazia. Nimepata vipimo. Nikapeleka kwa seremala mjini. Kwa kuwa mambo ni siri, nilimwomba ushauri mtu mmoja tu kuhusu bawaba, fundi wa kuchomelea, na nikamwapisha.

Jumatatu, 24 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mlango ulifika saa tatu. Mbao ngumu, rangi ya chama, kibati cha shaba kimeandikwa jina na cheo cha Mheshimiwa. Watu walikuwa wengi. Mheshimiwa akazungumza kuhusu utu wa mwanamke. Alizungumza vizuri. Mafundi wawili wakaunyanyua, wakausogeza kwenye fremu, ukagoma. Wakaugeuza. Ukagoma. Umezidi kimo na umezidi upana, vyote kwa kipimo kile kile, sentimita ishirini.

Mke wangu alikuwa pale. Akauliza nilipima na tepu ipi. Nikamwambia. Akashika kichwa. Kumbe ile tepu imekatika mwanzo, inaanzia ishirini, na yeye hutoa ishirini kila anapopima mtoto. Anasema kila mtu nyumbani anajua. Nyumbani tuko wawili.

Kabla sijapata la kusema, lori la Tingatinga likaingia. Limebeba geti la chuma. Si mlango, geti, la ghala, linalopitisha gari. Limeandikwa jina lake kwa moto wa kuchomelea, na hapo nikamkumbuka yule fundi niliyemwapisha. Ndiye anayechomelea mashine za Tingatinga. Hilo lilinipita.

Basi mlango ukaegemezwa ukuta wa kulia na geti ukuta wa kushoto, na katikati pazia. Wagombea wawili wakasimama kila mmoja kando ya chuma chake na mbao yake. Hakuna aliyetaka kuondoka kwanza. Ndipo nyuma ya pazia mtoto akalia, kwa mara ya kwanza. Watu wote wakapiga makofi. Mheshimiwa akainua mkono kuwashukuru.

Jumatano, 26 Agosti

Mlango umewekwa. Mama alimwita seremala wa mtaani, akampa vipimo kutoka kichwani, naye akaukata sentimita ishirini kimo na ishirini upana. Kibati cha shaba kilikuwa upande uliokatwa. Limebaki jina la Mheshimiwa bila cheo. Geti limekuwa uzio wa bustani ya zahanati.

Nasikia Mama alipelekwa pale kuuona. Aliufunga na kuufungua mara tatu. Kisha akaingia ndani akaufunga, akakaa humo peke yake kidogo.

Nikaona saa yangu imefika. Nikachapa barua ya kujitoa, sentensi nne, nikaacha nafasi ya sahihi tu. Nikamkuta barazani.

"Mama, mlango umepatikana," nikamwambia. "Kazi umeimaliza. Sasa pumzika."

Akavaa miwani. Akaisoma barua mpaka mwisho, jambo ambalo sijazoea kuliona kwa mtu mwenye cheo.

"Mwanangu, niliandika barua kumi na moja kwa miaka sita," akasema. "Sikujibiwa hata moja. Nimeweka picha yangu ukutani wiki mbili, nimeletewa milango miwili. Ungekuwa wewe, ungeacha sasa?"

Nikafikiri. Niliulizwa ghafla, sikuwa nimejiandaa.

"Hapana, Mama," nikasema.

"Basi nami siachi." Akaikunja barua yangu vizuri, akanirudishia. Akaniomba, kwa vile nafanya kazi ofisini, nimletee orodha ya zahanati zisizo na vitanda.

Nilifika nusu ya njia ndipo nikagundua nimesaidia upande gani.

Ijumaa, 28 Agosti

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kujitoa, lakini sina nguvu ya kuandika kuhusu hilo.

Asubuhi nilimpa mke wangu koti langu ashone kifungo. Mchana nikarudi kula. Cherehani kimya. Koti liko juu ya meza limekunjwa, kifungo kimeshonwa, na pembeni yake karatasi imelazwa wazi. MPANGO WA KUGAWA KURA. Nakala yangu. Ilikuwa mfuko wa ndani tangu tarehe nne, siku niliyojaza jina.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Kaweka kidole kwenye mstari wa tano, ule unaosema: Mgombea: mama mkwe. Sifa: hajulikani, hana nguvu, hawezi kushinda.

"Hajulikani," akasema.

Nikamweleza kwamba hiyo ni lugha ya kitaalamu.

Akauliza kama nilipokwenda na ule mkate nilikuwa nataka mama yake asimame mbele ya watu wote ashindwe. Nikasema sikutaka ashindwe vibaya. Akauliza na yeye je, alivyofurahi siku ile, nilikuwa namtazama huku najua? Nilitafuta jibu. Nikasema kwamba sikumwambia afurahi. Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka, nikatamani yawe ya mtu mwingine.

Akaniambia nitakwenda kumwambia mama mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nisipokwenda ataipeleka karatasi. Kisha akarudi kwenye cherehani, akashona mshono mmoja mrefu sana. Nadhani hapakuwa na kitambaa.

Jumamosi, 29 Agosti

Nimekwenda. Nimezunguka mtaa mara nne kwanza.

Kampeni zimefungwa jana, kwa hiyo baraza lilikuwa tupu, yeye na redio tu. Nilimwambia kila kitu, ila nilianza na Tingatinga ili ionekane chanzo ni yeye. Alinisikiliza mpaka nikafika mwenyewe nilipokuwa nakwepa. Nikasema, Mama, nilikuchagua kwa sababu nilijua huwezi kushinda.

Nikangoja.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mwanangu, nimekaa na wenye uchungu miaka arobaini. Namjua anayesukuma na anayejifanya anasukuma. Wewe ulikuja na mkate, huku jasho linakutoka."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali.

Akasema alihitaji mlango, na mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka ofisi ile kumfuata kwa miguu yake. Hakujali nimekuja kwa nia gani, ilimradi nimekuja. Halafu akasema kwamba kilichomuuma si mpango. Kilichomuuma ni zile barua. Kila mara aliponiona napita na begi langu alifikiri, labda leo ameisoma. Miaka sita.

Nilitaka kumwambia kuhusu bahasha na droo ya tatu. Nikaona haitasaidia.

Akaniambia nikale nyumbani, mke wangu ameudhika lakini amepika. Ilikuwa kweli, yote mawili.

Jumapili, 30 Agosti

Kupiga kura. Kituo chetu ni darasa la shule, madawati yamesogezwa nyuma. Foleni ndefu. Mke wangu mbele yangu, hasemi na mimi, ila alinishikia nafasi nilipokwenda kununua maji. Sijui nihesabu hilo upande gani.

Nikaingia kwenye kile kijumba cha maboksi na karatasi yangu. Picha tatu zikanitazama.

Kwanza nilikwenda kwa Mheshimiwa. Miaka tisa. Kalamu ikafika. Nikakumbuka kwamba nikitoka mke wangu atanitazama usoni, na uso wangu haujui kutunza siri. Nikahamia kwa Mama. Nikakumbuka Mheshimiwa naye ataniuliza kesho, na yeye ndiye anayesaini mkataba wangu. Nikasimama hapo. Halafu nikawaza, na Tingatinga akishinda? Ataajiri katibu. Atauliza.

Nje mtu akakohoa. Msimamizi wa kituo akauliza kama niko salama humo ndani.

Ndipo nikaona njia. Nikaweka alama kwa wote watatu. Sasa yeyote akiniuliza kama nilimpigia kura, namtazama machoni na kusema ndiyo, na ni kweli tupu. Nilitoka mwepesi. Nilikuwa nyumbani, nimevua viatu, ndipo nikaanza kujiuliza kura ya namna hiyo inahesabiwaje.

Jumatatu, 31 Agosti

Matokeo yamebandikwa saa nne kwenye ukuta wa ukumbi wa mikutano. Nimeyanakili.

Mama mkwe: 9,412. Mheshimiwa: 8,870. Tingatinga: 8,655. Zilizoharibika: 61. Moja naijua.

Watu walimbeba Mama na kiti chake. Mke wangu alilia, akanishika mkono, akakumbuka, akauachia, kisha akaushika tena. Muuza nyama alikuwa anabeba mguu mmoja wa kiti peke yake. Tingatinga alikuja akampa Mama mkono, akamnong'oneza kitu. Mama baadaye akasema alikuwa anauliza na yeye alizaliwa vipi. Alimwambia. Tingatinga akaondoka bila kelele.

Nikaenda ofisini. Nilimkuta Mheshimiwa anaitoa picha yake ukutani mwenyewe, amepanda kwenye kiti kinachoyumba. Nikamshikilia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ulisema elfu mbili." Akashuka. Akaifuta picha vumbi kwa mkono wa shati. Akasema kwamba mama yake, siku za mwisho, alikuwa akimtaja yule mkunga kila siku, na kwamba kule ndani ya kijumba mkono wake mwenyewe ulisita kidogo. Hakusema ulisita mpaka ukaenda wapi.

Nilitaka kumwambia kwamba nilimpigia kura. Nilikuwa na haki kamili. Nikamtazama, nikashindwa.

Alhamisi, 3 Septemba

Mama ameanza kazi kabla ya kuapishwa. Amekuja ofisini, amepandishwa ngazi polepole, amekalia kiti chochote tu. Ametangaza kwamba Dereva anabaki. Kumbe Dereva, kila Mheshimiwa alipokuwa safarini, alikuwa akiwabeba wanawake wenye uchungu kwa gari la ofisi na kuwapeleka zahanati. Miaka minane. Ndiyo maana alikuwa anafuta vioo kila wakati, kuondoa alama za mikono yao. Mimi nilidhani ni majivuno.

Na mimi nabaki. Ila si kwenye mikakati. Kazi yangu ni droo. Kufungua kila barua, kuisoma yote kwa sauti mbele yake, na kuandika jibu. Tumefika ya arobaini na mbili. Nyingi ni mabomba. Moja ni ya mtu anayetutakia heri ya mwaka mpya, miaka mitano iliyopita, na anauliza hali zetu. Mama akanitaka nimjibu pia. Nimemjibu kwamba hatujambo.

Nimekuwa nikitafakari kosa lilikuwa wapi. Nimelipata, na si mpango. Mpango ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kumchagua mkunga. Mkunga anagusa watu wengi mno, hilo mtu yeyote angeliona. Alitakiwa mtu wa ndani ya nyumba kabisa.

Mchana nimepita kwa Mheshimiwa wa zamani kumsalimia. Yuko bustanini, amevaa kandambili, anamwagilia maua upande mmoja tu. Nikamwambia miaka mitano si mingi. Kura za Mama mkwe zikigawanywa mapema, yeye anapita katikati. Akauliza, bila kugeuka, zitagawanywa na nani. Nikamwambia ninaye mtu. Mtulivu, hana adui, hapendi siasa, anashinda nyumbani na cherehani. Watu anaokutana nao ni wazazi tu, wanaokuja kupimiwa watoto sare. Shule zote saba.

Mheshimiwa akafunga maji. Akanitazama muda mrefu, akaingia ndani bila kusema neno. Nimelichukulia kama ndiyo.

Yeye mwenyewe, mke wangu, sijamwambia bado. Ananisemesha tangu jana, sitaki kuharakisha. Nitamwambia akimaliza kushona gauni la Mama la kuapishwa.